Mwanamke wa Wimbo wa Tano

Radi hakuwa ameketi tangu kulipokucha. Alizunguka sebule, akaingia jikoni, akafungua friji na kuifunga bila kutoa kitu, akarudi sebuleni na simu mkononi kama mtu anayengoja habari kutoka hospitali. Kila simu ilipotoa mlio alisimama, akasoma, akaguna, kisha akaanza safari upya. Mkewe alikuwa chumba cha nyuma kwenye cherehani yake, na hakuhitaji kumwona. Visigino vilimweleza yote. Vikigonga sakafu, ametukanwa. Vikiteleza, amesifiwa.

"Fundi, sikia hii," Radi alisema, akichungulia mlangoni. Mtaa mzima ulimwita mkewe Fundi, naye akafuata mtaa. "'Radi ameishiwa umeme, apelekwe kuchajiwa.' Mtu mzima na akili zake anaandika hivyo?"

Fundi aliitikia kupitia puani. Midomo yake ilikuwa imebana pini, vichwa vimechomoza nje.

"Na huyu: 'Kwa mara ya kwanza nimesikia maneno ya Radi. Nimelia nikiwa kazini.' Umesikia? Analia kazini!"

"Mm."

"Na huyu sasa sijui niseme nini. 'Hii ni albamu ya mtu aliyechoka au ya mtu aliyepumzika?' Hiyo ni sifa au ni tusi?"

Fundi alichomoa pini moja, akaichomeka kwenye kitambaa. "Hebu kaa chini upumzike," alisema kwa pembe ya mdomo, "halafu tutajua."

Radi alicheka, lakini hakukaa.

Kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa ameongoza bendi ya roki iliyoitwa Tetemeko, na jina hilo hawakujipa bure. Walifanyia mazoezi sebuleni humo, gitaa lao likatikisa vioo, ngoma zikamaliza vilivyosalia. Mashabiki walijua viitikio tu, na hata hivyo walivijua kwa kukisia. Sasa Radi aliliweka kando gitaa la umeme, akachukua la mbao, akatoa albamu ya bluzi aliyoiita Kiti cha Pembeni. Hakwenda studio. Alisema studio wanaisafisha sauti mpaka inakuwa kama sahani iliyooshwa. Aliazima maikrofoni moja, akaiweka juu ya stuli sebuleni, akafunga madirisha, akaanza kuimba.

"Na cherehani yangu je?" Fundi alimuuliza siku ile.

"Wewe endelea tu. Hainisumbui."

Yaliishia hapo. Akaendelea, kwa sababu kazi yake nayo haikuwa ya kusubiri. Meneja wa ukumbi wa mji alikuwa amemwagiza pazia la jukwaa, mahameli nyekundu, vipande virefu kutoka dari mpaka sakafu, vizito kama blanketi lililolowa. Pazia lilitakiwa liwe limetundikwa kabla ya Jumamosi, siku ambayo Radi angezindua albamu yake humo humo ukumbini. "Mke pazia, mume jukwaa," meneja alisema akicheka. "Mmoja akiniangusha nawafukuza wote wawili."

Mahameli ni kitambaa chenye kiburi. Ukiweka vipande viwili pamoja, cha juu kinatambaa, cha chini kinabaki, ukifika mwisho wa mshono unakuta kimoja kimemzidi mwenzake kwa upana wa kiganja. Fundi alijua kukitiisha. Alijifunza ushonaji akiwa msichana, katika karakana ya bibi mmoja mkali ambaye hakutaka maneno kazini. Wasichana wote walibana pini midomoni kutwa nzima, na sauti pekee iwezayo kutoka kwenye midomo iliyobana pini ni ya kuguna kwa wimbo, mm-mm-mm, kupitia puani. Kila msichana alikuwa na wimbo wake wa kujitungia. Mguu ulikanyaga kwa kuufuata, mikono ikasukuma kitambaa kwa kuufuata, na mshono ukaenda umenyooka hata macho yakiwa yamechoka. Wa Fundi ulikuwa mfupi, unapanda kidogo, unashuka, unajiuliza, unaanza tena. Nje ya karakana ile hakuwahi kuuimba mbele ya mtu. Hata kwenye harusi ya binti yao, wenzake wakiimba kwa nguvu, yeye alichezesha midomo tu.

Mama yake Radi alipiga simu kabla ya mchana, na hakumtaka mwanawe, alimtaka mkwewe.

"Mwanangu, huyo mume wako anakula vizuri?"

"Anakula, mama. Tena anaongeza."

"Mbona basi analia hivyo kwenye redio? Zamani alikuwa anapiga makelele, najua mwanangu mzima. Sasa nasikia kila neno, na kila neno linanitia wasiwasi."

Radi alipopewa simu alisema "Ndiyo, mama. Hapana, mama. Mzima, mama," huku akiizunguka meza. Alipokata, alikuja kusimama tena pale mlangoni. Safari hii hakuwa na cha kusoma.

"Na wewe je? Umeisikiliza?"

"Mbili za mwanzo. Ngoja nimalize pazia, nitaisikiliza kwa utulivu."

"Fika ya tano," alisema. "Ukifika ya tano tutaongea." Akaondoka haraka, kama mtu aliyeacha kitu jikoni.

Mchana uzi ukamwishia. Duka la nyuzi lilikuwa kwenye kona, jembamba kama ukanda, vifungo vimejaa kwenye mitungi ya kioo mpaka juu. Mwenye duka walimwita Vifungo. Alikuwa mtu wa maneno mengi, aliyeweza kukukatia zipu huku akikupa maoni yake juu ya serikali, mpira na ndoa yako. Siku hiyo alikuwa amesimama na mkasi hewani, sikio lake kwenye redio iliyokuwa rafuni. Muuguzi mmoja mwenye sare alikuwa ameegemea kaunta akisubiri zipu yake.

"Vifungo, nipe uzi mwekundu, ule mzito."

"Ngoja, Fundi, ngoja kwanza. Huku watu wanang'oana meno."

Redioni mtangazaji alikuwa akisema, "Turudi kwenye wimbo wa tano. Simu zenu zimegawanyika katikati. Yule mwanamke anayeguna nyuma ya gitaa, abaki au aondoke?"

Mpigaji wa kwanza alikuwa na sauti ya mtu aliyedhulumiwa. "Mimi nimeifuata Tetemeko tangu nikiwa na nywele. Yule mama ananiharibia. Radi anaimba, yeye yuko huko nyuma mm-mm-mm, kama friji bovu. Aondoke!"

"Huyo kaka hana moyo," akasema mpigaji wa pili. "Mtoe yule mama, kinachobaki ni mzee na gitaa lake. Nani atamsikiliza?"

"Tuusikilize," alisema mtangazaji.

Gitaa likaingia, kisha sauti ya Radi, ya chini, iliyokwaruza. Chini yake kitu kikakanyaga, taka-taka, taka-taka, na juu ya kile kitu ukaja wimbo mfupi, unapanda kidogo, unashuka, unajiuliza. Ilimchukua Fundi muda. Mtu haijui harufu ya nyumba yake mwenyewe, na yeye hakuwahi kuusikia wimbo ule kutokea nje. Alikuwa ameshika kipande cha uzi wa sampuli, akajikuta amekizungusha kidoleni mpaka kidole kikabadilika rangi.

"Hapo!" Mtangazaji alikata muziki. "Mmesikia anavyonyamaza ghafla? Huo ni ukimya wa mtu aliyefiwa. Ni mwimbaji mkubwa tu anayeweza kunyamaza namna hiyo."

Fundi alijua ule ukimya ni wa nini. Alikuwa akichomoa pini.

"Kafiwa nini," Vifungo alisema. "Huyo kasahau wimbo."

"Wewe baki na vifungo vyako," muuguzi alimjibu. "Mimi nikiwa zamu nauweka huu, wagonjwa wanatulia."

"Wanazimia hao, dada, hawatulii. Waangalie vizuri." Kisha akamgeukia Fundi. "Sasa si mumeo huyu? Tuambie basi. Kamtoa wapi huyu mama? Maana mtaani wanasema..." Akasita.

"Wanasema nini?"

"Ah, watu wana midomo."

"Sema, Vifungo. Wewe huna?"

"Wanasema huyo ndiye anayemliza mumeo. Kwamba huyo si wa kazi tu."

Muuguzi alimpiga Vifungo begani kwa zipu iliyokuwa juu ya kaunta. "Mwanamume huna breki!"

Fundi alicheka, na kicheko kikatoka kikavu. "Simjui," alisema. Akageuka, akatoka. Vifungo ilimbidi amkimbilie mpaka katikati ya barabara na uzi mkononi.

Hakumtafuta Radi alipofika. Alipitia mlango wa jikoni, akaketi kwenye cherehani, akabana pini, akakanyaga. Wimbo ulipanda wenyewe kama ulivyopanda maisha yake yote, na palepale akausikia. Akaona yule mtu wa friji bovu akisikiliza, muuguzi akisikiliza, wagonjwa vitandani wakisikiliza. Wimbo ukamkwama puani. Mguu ukasita, kisha ukakimbia, kitambaa cha juu kikatambaa. Alipofika mwisho, kipande kimoja kilikuwa kimening'inia nje kwa upana wa kiganja. Hakuwa amekosea namna hiyo tangu akiwa mwanafunzi. Akaufumua mshono, akarudia, ikawa vilevile. Akainuka na kwenda sebuleni, pini zingali midomoni, akazitema moja moja mkononi.

Mumewe hakuwa peke yake. Mpiga besi wa Tetemeko, jitu lenye mabega ya mlango ambalo kila mtu alilifahamu kwa jina la Besi, alikuwa ameketi kwenye kiti kilichomzidi udogo, uso umevimba kwa hasira za siku nyingi.

"Afadhali umekuja, shemeji," Besi alisema. "Niamulie. Albamu nzima hakuna besi, hata ya kusingiziwa. Nikasema sawa, ni bluzi, mtu anataka kulia peke yake, alie. Lakini cherehani imo! Nimeshindwa na cherehani, shemeji!"

"Ulijua ni cherehani yangu?"

"Nimekula chakula kwenye nyumba hii miaka yote, nisiijue cherehani yako?"

"Na sauti?"

Besi alitazama viatu vyake. Vilikuwa vikubwa, vikampa muda mrefu wa kutazama.

"Nilikuwa nikuambie," Radi alisema.

"Lini?"

"Ukifika ya tano. Nilitaka ufike mwenyewe, ushangae."

"Nimeshangaa. Dukani kwa Vifungo, mbele ya watu. Nimeambiwa pia kwamba mimi ni hawara yako. Hongera."

Besi alikohoa, akainuka nusu, akaona njia ya kutokea inapita kati yao, akaketi tena.

Radi alikuwa akitembea kutoka dirishani hadi kabatini. "Nilisikiliza baada ya kurekodi nikakuta umo. Nikasema niirudie. Nikairudia wewe hujaanza kushona, ikawa imekufa. Fundi, sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile. Miaka yote uko nyuma ya ukuta ule nami sikujua! Na watu wanakupenda. Nusu yao..."

"Na nusu wananiita friji bovu. Hao wala hawanisumbui. Hukuniuliza."

Radi akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku ile miguu yake kutulia.

"Ningekuuliza," alisema, "ungenyamaza."

Hilo lilikuwa kweli, na Fundi alilijua. Akarudi chumba cha nyuma, akafunga mlango ambao hakuwa na desturi ya kuufunga.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na watu wawili wasiotulia badala ya mmoja. Fundi alijaribu kila hila. Aliwasha redio ili ajisahau, redio ikampigia wimbo wa tano. Alitafuna ubani, akauma ulimi. Alijaribu kuhesabu kimoyomoyo, lakini hesabu ni kitu kimoja na wimbo ni kingine, mguu haukudanganyika. Alikwenda na vipande kwa dada yake upande wa pili wa mji, akatumia cherehani ya huko, na dada yake akaketi karibu naye mikono kifuani, akitabasamu.

"Unatazama nini?"

"Nasubiri uanze. Yaani ile mm-mm. Si ni wewe? Nimekujua, bwana, tumelala chumba kimoja tangu utoto."

Fundi alikunja mahameli yake akaondoka bila hata kumaliza chai.

Meneja wa ukumbi alipiga simu. "Mama, pazia?"

"Linakuja."

"Linakuja kwa miguu? Maana Jumamosi nayo inakuja. Halafu, jambo jingine. Tiketi zinakwenda vizuri, ila watu wanaulizia yule mwanamke wa wimbo wa tano. Mwambie bwana amlete. Wengine wamesema wanakuja kumshangilia, wengine wanakuja kumzomea, mimi wote nawakaribisha."

Radi naye hakuwa na raha. Albamu ilikuwa imepata kile alichokitamani miaka yote, watu wanaobishana juu ya maneno yake, na hakuweza kuifurahia. Kila alipoanza kumsomea mkewe jambo kutoka kwenye simu, aliishia katikati. Akawa anapita mbele ya mlango uliofungwa, anainua mkono agonge, anaushusha. Fundi aliyasikia yote hayo. Alijua mtu akisimama nje ya mlango, hata akibana pumzi, na sasa hakuna kilichomwudhi kama mtu anayesikiliza.

Alhamisi asubuhi Besi alirudi, na safari hii hakuja na hasira tu. Alikuja na gitaa lake la besi na spika kubwa kama kabati. Mashabiki wa zamani walikuwa wamemlilia meneja mpaka akakubali onyesho ligawanywe: nusu bluzi, nusu Tetemeko. Besi alikuwa mtu mwingine. Alimpigia saluti Fundi mlangoni.

"Shemeji, leo cherehani itanitambua."

Wakachomeka waya. Radi akalitoa gitaa la umeme chini ya kitanda, akalipangusa vumbi kwa kiwiko. Wakaanza.

Fundi alifunga mlango wake, akaona vikombe vya chai vikitembea vyenyewe juu ya meza. Akajiambia leo ndiyo hatashona kabisa. Lakini mikono haipendi kukaa bure. Akabana pini, akaweka vipande viwili chini ya sindano, akakanyaga. Huko nje paliunguruma, pakapasuka, pakaunguruma tena. Dirisha lilitetemeka kwenye fremu. Alifikiria maji ya kuchemsha, akafikiria simu ya meneja, akafikiria kama binti yao naye amekwisha sikia zile porojo za hawara. Mara akaona kitambaa kimekwisha. Alikuwa amefika mwisho. Ncha mbili za mahameli zililala moja juu ya nyingine kama viganja vya mtu anayepiga makofi.

Na alikuwa akiguna. Alijua kwa sababu mifupa ya pua ilikuwa bado ikitetemeka.

Huko sebuleni wimbo ukaisha ghafla, na papo hapo yeye naye akanyamaza, bila kukusudia, kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga.

Akakaa vile, mkono juu ya gurudumu la cherehani. Kumbe miaka yote ile watu walipomwonea huruma, masikini, unaishije na makelele yale, unalalaje, masikio yako yana afya kweli, yeye alikuwa akiishi nyuma ya makelele kama nyuma ya ukuta mnene. Hakuna aliyeweza kumsikia, kwa hiyo aliimba. Hakuwahi kuufikiria ukuta ule, mpaka mumewe alipoamua kuwa mtu mzima na kuimba taratibu, ukuta ukaanguka, naye akaonekana.

Radi alifungua mlango bila kugonga, jasho limemtoka, uso umechangamka kwa mara ya kwanza wiki ile. Akaona mshono. Alikuwa mwanamuziki, hakuwa mjinga.

"Umeshona."

"Nimeshona."

"Ulikuwa unaimba?"

"Ulinisikia?"

"Kwa makelele yale? Hata mimi mwenyewe sikujisikia." Akamtazama, akautazama mshono, na kilichokuwa usoni kikamshuka polepole. Akaketi chini sakafuni, katikati ya vipande vya mahameli. "Basi yameisha," alisema. "Nitarudi. Niache hii bluzi, nirudi kwenye Tetemeko, nikupigie kila siku unaposhona. Vioo vikivunjika nitaweka vingine. Jumamosi nitawaambia watu Kiti cha Pembeni ilikuwa majaribio."

"Usiwaambie hivyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimeisikiliza yote. Jana, ulipotoka." Fundi alikuwa akichomoa pini kitambaani, akizipanga kwenye mto wake mdogo. "Ya pili ni ndefu, ungeikata. Ya sita unaigiza huzuni usiyokuwa nayo, mama yako hata hiyo ameiamini. Nyingine ni nzuri. Ni nzuri sana, Radi. Hujawahi kufanya kitu kizuri kama hicho."

Radi alifumba macho. Alikuwa amezunguka nyumba wiki nzima akingoja neno lile, na sasa lilipofika hakujua alishike wapi.

"Na ya tano?"

"Ya tano ni nzuri kuliko zote. Hiyo ndiyo shida yangu. Ingekuwa mbaya ningekusamehe jana."

Besi alichungulia, akaona hali, akajifanya anatafuta waya, akatoweka.

"Jumamosi iimbe," Fundi alisema. "Lakini sauti yangu usiipige, wala usimtafute mtu wa kuiiga. Pale ninapoingia mimi, upige gitaa tu. Wakizomea, wazomee. Na cherehani inaondoka kwenye nyumba hii."

"Inakwenda wapi?"

"Hilo nitakuonyesha kesho. Utaibeba wewe."

Nyuma ya stendi kulikuwa na ua wa mafundi wa mageti. Humo watu walichomelea vyuma kutwa, wakavikata kwa mashine iliyopiga kelele kama nguruwe aliyekanyagwa, wakavigonga kwa nyundo kuvinyoosha. Upande mmoja wa ua palikuwa na chumba kilichowahi kuwa stoo ya rangi, kina dirisha moja la kutazama barabara. Fundi alikipita mara nyingi akienda sokoni, akiziba masikio. Jioni ya Alhamisi aliingia, akaongea na mkuu wa mafundi, mzee mwenye miwani myeusi iliyopandishwa kwenye paji la uso.

"Mama, nikuambie ukweli," mzee yule alipaza sauti juu ya kelele. "Hapa hutasikia hata unachofikiri."

"Nakitaka chumba."

"Wateja watakuitaje?"

"Wataniona."

"Basi karibu. Ila cheche zikiruka, usinilaumu mahameli yako ikipata matundu."

"Nitafunga mlango."

Ijumaa asubuhi Radi alibeba kichwa cha cherehani begani kuanzia nyumbani, Besi nyuma yake na meza na miguu ya chuma, na Fundi mbele na furushi jekundu. Njiani watu waliwasalimu. Mmoja akamwambia Radi albamu yake imemponya, mwingine akamwambia arudishe umeme, na Radi akawajibu wote "Ahsante, ndugu," bila kusimama, shingo imepinda kwa uzito. Mbele ya duka lake Vifungo aliwatazama wakipita na kwa mara ya kwanza hakusema neno, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye cherehani, na masikio yake, ilionekana, yalikuwa yakikumbuka kitu.

Waliifunga cherehani mbele ya dirisha. Besi akaenda zake ukumbini kupanga spika. Radi alibaki. Alinyoosha meza iliyokuwa imenyooka. Akafuta kiti. Mafundi walikuwa wakikata bomba huko uani, akalazimika kumsogelea mkewe sikioni.

"Nikija kukutembelea?"

"Njoo. Piga hodi."

"Utaisikia hodi hapa?"

"Sitaisikia. Utasubiri mpaka nikuone."

Akaitikia kwa kichwa. Akaondoka, akarudi, akasema kitu kilichomezwa na nyundo, akaondoka tena. Fundi alifunga mlango, akatandika vipande viwili vya mwisho chini ya sindano, akabana pini midomoni. Kisha, kama afanyavyo mtu mgeni kwenye chumba, akainua macho kutazama dirishani.

Radi alikuwa ng'ambo ya barabara. Alisimama kati ya magari mawili yaliyoegeshwa, kichwa kimeinama upande mmoja, namna alivyokiinamisha akirekebisha nyuzi za gitaa. Alikuwa akisikiliza. Magari yalipita kati yao, na kila lilipokwisha pita moja alikuwa bado pale, shingo upande, akitafuta ndani ya vyuma na nyundo na cheche sauti moja.

Fundi angeweza kusogea pembeni, kwani dirisha halikuwa na pazia la kuvuta, lakini hakusogea. Mguu ukakanyaga, taka-taka. Akamtazama mumewe moja kwa moja usoni, mashavu yakaanza kutetemeka kwa kuguna, na mshono ukaondoka kwenda zake. Radi akaona. Akachukua hatua moja mbele, gari likampigia honi, akarudi nyuma. Akaweka mkono nyuma ya sikio.

Alipofika kwenye pini, Fundi alinyamaza, akaichomoa, akaanza tena.